Uzi maalumu: Unafuatilia ukoo wa walowezi wakulima? Fuata shamba kabla hujafuata jina

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona wengi wanaofuatilia nasaba zao wakikwama mahali pale pale. Babu wanamjua, baba yake babu wanamjua, halafu njia inakatika kwa sababu mzee anayefuata alikuwa mlowezi. Alihama kwao, akafika nchi ngeni, akavunja ardhi na kulima, na watoto wake walipokua nao wakasogea mbele kutafuta ardhi yao. Mtu anaingiza jina la ukoo mtandaoni, yanamiminika majina mamia yanayofanana, anachukua lile linalompendeza na kuanzia hapo anapanda mti wa watu wasiomhusu hata kidogo. Jambo hili linaniuma, maana kwa ukoo wa wakulima majibu mara nyingi yapo, ila yametunzwa kwenye karatasi za ardhi.

Jina la mkulima liliandikwa kila karani alivyolisikia. Kijana angeweza kuwa na tahajia moja kanisani, nyingine kwenye sensa na nyingine kaburini. Shamba lenyewe lilikaa pale pale. Lilipimwa, likalipiwa ada, likawekwa rehani, likarithiwa, likagombaniwa na ndugu, likauzwa. Kila hatua iliacha maandishi, na ndani yake wametajwa mke, watoto, majirani na mashahidi.

Kuhoji wazee walio hai mnakujua, sitakurefusha. Nitaongeza hili tu: usimbane mzee kwa tarehe. Muulize shamba lilikuwa upande gani wa mto, lilipakana na nani, nani alilirithi na nani alinyimwa. Mtu aliyesahau miaka yote ya kuzaliwa bado anamkumbuka jirani aliyesogeza mpaka.

Nianze na Marekani, kwa kuwa huko karatasi za walowezi zimehifadhiwa kwa wingi. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya Homestead. Mtu aliyetimiza miaka 21, au mkuu wa kaya, aliweza kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali kuu kwa ada ndogo, mradi awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia. Alitakiwa kuishi pale miaka 5, kujenga nyumba na kulima. Hati za umiliki takriban milioni 1.6 zilitolewa kwa utaratibu huo.

Utamu kwa mtafuta ukoo uko kwenye ushahidi aliotakiwa kuleta ili apewe hati. Majirani wawili walipaswa kuapa kwamba kweli ameishi na kulima. Chukueni faili la Daniel Freeman wa Nebraska, karibu na Beatrice, aliyejiandikisha tarehe 1 Januari 1863, siku ile ile sheria ilipoanza kutumika. Mashahidi wake, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick, waliapa kwamba wamemfahamu zaidi ya miaka 5, kwamba ana mke na watoto wawili na ni raia. Wakaieleza nyumba yake: futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, milango miwili, madirisha mawili, sakafu ya mbao. Amelima ekari kama 35. Ana zizi, ana banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, ana ghala la mahindi, na amepanda mitofaa 40 na mipichi ipatayo 400.

Wakuu, hebu someni tena hiyo mistari na mchukulie huyo ndiye babu mzaa babu yenu. Cheti cha kuzaliwa kingewapa tarehe na majina ya wazazi. Faili la shamba linawaonyesha alikuwa mkulima wa namna gani, na linawapa majina ya watu wawili waliomjua vizuri kiasi cha kumwapia.

Kwa mlowezi aliyetoka nje ya nchi, faili mara nyingi lina karatasi za uraia pia, na hapo ndipo unapata nchi aliyotoka.

Namna ya kulipata: hati za mwisho zimewekwa mtandaoni bure na Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi. Ukiipata hati, andika namba yake, ofisi ya ardhi iliyoitoa na maelezo ya mahali shamba lilipo. Kwa taarifa hizo unaomba faili lenyewe kutoka Nyaraka za Taifa za Marekani. Wengi wanaishia kwenye hati, ukurasa mmoja wenye muhuri, wakadhani wamemaliza. Msiishie hapo.

Na kama mzee wako hayumo kwenye hati, usikate tamaa. Wengi walishindwa kabla ya miaka 5 kutimia, kwa ukame, nzige, madeni au kifo. Maombi yaliyofutwa hayana hati ya mwisho, kwa hiyo hayatokei ukitafuta hati mtandaoni, lakini mafaili yake mengi yapo kwenye Nyaraka za Taifa. Mimi hayo ndiyo nayapenda zaidi. Aliyeshindwa alilazimika kujieleza, au mjane wake alijieleza kwa niaba yake.

Mdau:

Mkuu, uzi wa maana sana. Swali: hayo maelezo ya mahali shamba lilipo mimi siyaelewi. Nimeona hati ya ukoo wa mke wangu imeandikwa robo ya kusini magharibi, kipande namba fulani, sijui safu ya ngapi. Inasomekaje?

Mleta uzi:

Swali zuri sana ndugu yangu. Kuanzia mwaka 1785 Marekani ilianza kupima ardhi ya serikali kuu kwa miraba. Mraba mkubwa una maili 6 kila upande. Ndani yake kuna vipande 36, kila kimoja maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Gawanya kipande kwa nne unapata robo ya ekari 160, na ndiyo maana sheria ya 1862 ilitumia kiasi hicho. Soma maelezo kutoka mwisho kurudi mwanzo: tafuta kwanza mraba mkubwa (hiyo safu ni sehemu ya anwani yake), kisha namba ya kipande, kisha robo yake. Ukishaliweka shamba kwenye ramani, andika majina ya wenye mashamba yote yanayolizunguka. Hiyo orodha ya majirani ni mali, nitaeleza chini.

Majimbo ya zamani ya mashariki, pamoja na Texas, hayakupimwa na serikali kuu. Kule mashariki mpaka unaanzia kwenye mti wa mwaloni, unashuka hadi kijito, unafuata ukuta wa mawe hadi kona ya shamba la fulani. Hati hizo za mauziano ziko kwenye ofisi za kaunti. Zinachosha kusoma, ila kila mpaka unaweza kukupa jina la jirani.

Kuhusu majirani sasa. Walowezi hawakuhama mmoja mmoja. Walihama na mashemeji, na waumini wenzao, na watu wa kijiji kimoja. Jina la ukoo wako likiwa la kawaida mno, chukua jirani mwenye jina adimu na umfuatilie yeye kurudi nyuma. Mara nyingi utakapomkuta yeye katika makazi ya awali, utamkuta na mzee wako umbali wa mashamba mawili matatu. Mashahidi wa ndoa, wadhamini wa ubatizo, wasimamizi wa mirathi, wote hao waandikwe. Shahidi wa wosia anaweza kuwa kaka wa mke, na jina la kaka yake ndilo jina la ukoo wa bibi unayemtafuta.

Kuna pengo moja lazima mlijue. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibika karibu yote kutokana na moto uliotokea Washington Januari 1921. Kwa hiyo kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 una miaka 20 mitupu, na ni miaka ambayo walowezi wengi walikuwa wanafungua mashamba. Mtoto aliyezaliwa 1881 akafa 1899 hayumo kwenye sensa ya taifa inayosomeka. Faili la ardhi linaweza kuwa mahali pekee familia ile imehesabiwa.

Na sensa ilikuwa na madaftari ya kilimo, kuanzia 1850 hadi 1880: ekari zilizolimwa, thamani ya shamba, farasi, ng'ombe wa maziwa, paundi za siagi zilizotengenezwa mwaka ule. Linganisha miaka ya 1870 na 1880 uone kama familia ilipanda au ilishuka.

Mdau mwingine:

Mimi nimekwama Norway. Mzee mmoja ana majina matatu tofauti kwenye vitabu vya kanisa. Nimeambiwa ni watu watatu, lakini tarehe ya kuzaliwa ni moja. Msaada tafadhali.

Mleta uzi:

Dada au kaka, huyo inawezekana kabisa ni mtu mmoja. Norway vijijini mtu alikuwa na jina lake, kisha jina linaloonyesha ni mtoto wa nani, kisha jina la shamba analoishi. Hilo la tatu lilikuwa kama anwani. Akihamia shamba lingine, jina lilibadilika. Mwanamume aliyeoa binti mrithi na kuhamia kwao alianza kuitwa kwa jina la shamba la mkewe. Sheria ya kuwataka watu wawe na jina moja la ukoo lisilobadilika ilikuja 1923. Wengi walikuwa wamekwishavuka bahari, na huko walikofika ndugu wa tumbo moja wangeweza kushika majina mawili tofauti, mmoja la baba na mwingine la shamba.

Kwa hiyo hapo kwako panga karatasi kwa mashamba. Wenyeji wa huko wametunga vitabu vya historia ya kila wilaya, vinaitwa bygdebok, vinavyokwenda shamba kwa shamba na kutaja waliokaa hapo kizazi baada ya kizazi. Ukilijua shamba, kurasa mbili tatu zinaweza kukurudisha miaka mia mbili. Ukijua jina la mtu peke yake, utazunguka.

Halafu kuna hadithi inayorudiwa kila mahali, kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, waliwabadilishia watu majina walipofika. Maofisa walifanya kazi kwa kutumia orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni za meli huko huko safari ilikoanzia. Mabadiliko mengi yalifanywa na wahamiaji wenyewe baadaye, shuleni, kazini, au kwenye karatasi za uraia. Ukiamini hadithi ile utaacha kutafuta pale ambapo jina lilibadilika kweli.

Mdau:

Mleta uzi, mbona wanaume tu? Bibi zetu wanapatikanaje, na wao ndio waliolima?

Mleta uzi:

Hili linastahili uzi wake, nashukuru umeuliza.

Inategemea nchi. Québec, Kanada, ni neema kubwa kwa anayetafuta bibi zake. Kati ya 1663 na 1673 mfalme wa Ufaransa aligharimia safari ya mabinti na wajane zaidi ya 700 kwenda kuolewa na walowezi kule, na mamilioni ya watu leo wanatokana nao. Mapadre waliwaandika wanawake kwa majina ya ukoo wao wa kuzaliwa, hata baada ya ndoa. Rekodi ya ndoa kwa kawaida inataja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, kwa hiyo unaruka kutoka ndoa hadi ndoa kama mtu anayepanda ngazi. Juu ya hapo kuna mikataba ya ndoa iliyoandikwa na notari, yaani mwandishi rasmi wa mikataba, inayosema kila upande ulileta nini, hadi ng'ombe na vitanda. Université de Montréal imejenga kanzidata kubwa ya rekodi hizo za parokia.

Kwenye nchi zilizofuata sheria za Kiingereza hali ni ngumu zaidi, mke alifunikwa na jina la mume. Hapo zitegemee mirathi. Kwenye wosia baba anamtaja binti yake kwa jina la ndoa, na ndipo unaunganisha koo mbili. Mauzo ya shamba nayo, pale mke alipotakiwa kuridhia na kuachia haki yake. Na msisahau kwamba sheria ya 1862 iliwaruhusu wanawake wasioolewa, wajane na walioachika kuomba ardhi kwa majina yao. Mwanamke aliye peke yake kwenye ekari 160 huenda ndiye shangazi ambaye ukoo haumtaji tena.

Mdau mwingine:

Kwa upande wa Afrika Kusini nimeona mti wa ukoo una alama kama b3c1d5. Ni kitu gani?

Mleta uzi:

Huo ni mfumo wa De Villiers na Pama, rahisi ukiuzoea. Herufi ni kizazi, namba ni nafasi ya kuzaliwa. Mzee wa kwanza kufika ni a. Mtoto wake wa tatu ni b3, mtoto wa kwanza wa huyo ni c1, na d5 ni mtoto wa tano wa c1. Kwa hiyo b3c1d5 ni kitukuu wa mzee wa kwanza, na njia nzima imeandikwa kwenye alama yenyewe. Unafaa sana kwa koo za wakulima wa kule, ambao waliwarithisha wajukuu majina ya babu na bibi kwa mpangilio, hivyo utakuta binamu wanane wenye jina moja katika wilaya moja.

Walowezi wakulima wa Cape walianza 1657, pale Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki ilipowaachia wafanyakazi wake 9 wakalime kandokando ya mto Liesbeek. Kwa vizazi vya baadaye tafuta taarifa za vifo zilizomo kwenye mafaili ya mirathi: zinauliza mahali marehemu alikozaliwa, wazazi, mwenzi wa ndoa, na watoto wote. Angalia tu nani aliijaza. Mwana aliyekaa na baba yake anajua mengi. Jirani aliyeombwa kujaza hawezi kuaminiwa kwa majina ya babu na bibi.

Na hapa niseme jambo ambalo naliona la lazima. Kati ya mama wa mwanzo wa koo hizo wamo wanawake waliokuwepo kabla ya walowezi, na wengine walioletwa kama watumwa. Krotoa, mwanamke wa Kikhoi aliyekuwa mkalimani, aliolewa na Pieter van Meerhof mwaka 1664. Angela wa Bengal, aliyefika Cape akiwa mtumwa, aliolewa na Arnoldus Willemsz Basson mwaka 1669, na ukoo wa Basson umetoka kwao. Kuna watu waliowaruka bibi hao kwa makusudi wakati wa kuandika nasaba. Ukoo unaoandikwa kwa kuruka mtu ni ukoo wa uongo, na mimi siwezi kumsaidia mtu kuuandika.

Mdau:

Umegusa penyewe. Je, wale waliolima ardhi ile ile bila kuimiliki? Au walionyang'anywa?

Mleta uzi:

Karatasi zile zile za mlowezi zinaweza kuwafungulia njia, lakini kwa uchungu. Sensa ya Marekani ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliotoka utumwani. Kabla ya hapo, madaftari ya watumwa ya 1850 na 1860 yanawaorodhesha chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Kwa hiyo mjukuu wao analazimika kupekua mirathi na hati za mauzo za familia iliyomiliki shamba, maana huko ndiko majina yalikoandikwa. Ukiwa wewe ni wa ukoo wa mwenye shamba na una karatasi hizo kwenye sanduku nyumbani, ziweke wazi. Kuna mtu anazitafuta.

Nao walikuwa walowezi pia. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, na mwaka 1879 maelfu zaidi wakahamia Kansas kutoka kusini. Mafaili yao ya ardhi yanasomwa kwa njia ile ile niliyoeleza.

Kwa wenyeji wa asili, sheria ya Dawes ya 1887 iligawa ardhi ya makabila kwa mtu mmoja mmoja, na iliyobaki ikafunguliwa kwa walowezi. Ekari kama milioni 138 zilizokuwa mikononi mwao mwaka 1887 zilibaki kama milioni 48 kufikia 1934. Kwenye maelezo ya shamba la mzee wako, uliza pia lilikuwa la nani kabla ya ofisi ya ardhi kulifungua. Jibu hilo nalo ni sehemu ya historia ya ukoo wako.

Mdau mwingine:

Wakuu, kwani siku hizi si unapima DNA tu basi?

Mleta uzi:

Inasaidia, ila kwa koo za walowezi nenda nayo taratibu. Binamu wa kwanza hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA yao. Kadiri undugu unavyosogea mbali kiasi kinapungua haraka, na mkifika binamu wa nne karibu nusu hawaonyeshi chochote cha pamoja ingawa ni ndugu kweli. Kisha kuna tatizo la pili: jamii ndogo za wakulima zilioana zenyewe kwa zenyewe vizazi vingi. Québec, Wamennoni (dhehebu la Kikristo), makaburu, wote hao. Watu wawili wanashiriki mababu kupitia njia tano au sita, na kipimo kinawaonyesha karibu kuliko walivyo. Tumia DNA kupima dhana iliyotokana na karatasi.

Mdau mwingine:

La mwisho kutoka kwangu. Babu wa mume wangu ana jina la Kijerumani, anazungumzwa kama Mjerumani, lakini sensa ya Kansas inasema alizaliwa Urusi. Karani alikosea?

Mleta uzi:

Karani yuko sahihi dada, na umepata ukoo mtamu kuufuatilia. Tarehe 22 Julai 1763 Katerina wa Pili wa Urusi alitangaza kuwakaribisha wageni wakalime, akiahidi uhuru wa dini, msamaha wa kodi kwa muda, na kutolazimishwa jeshini. Maelfu ya Wajerumani wakaenda na kufungua makoloni zaidi ya 100 kandokando ya mto Volga. Walikaa huko zaidi ya karne nzima wakizungumza Kijerumani chao. Mwaka 1874 Urusi ikaleta sheria ya kuwaingiza wote jeshini, na wengi wakaanza kuondoka kwenda Marekani, Argentina na Brazil.

Waliohamia kaunti ya Ellis, Kansas, kuanzia 1876 walibeba hadi majina ya vijiji vyao. Catherine, Munjor na Pfeifer zimetokana na vijiji vya Volga. Kwa hiyo ukijua alizikwa karibu na mji upi, umekaribia kujua alitoka kijiji kipi.

Ukishapata kijiji, tafuta sensa ya makoloni ya 1798. Inataja wake kwa majina ya ukoo wao wa kuzaliwa, na inasema nani alihamia kutoka koloni gani. Kisha rudi kwenye orodha za walowezi wa kwanza za 1767, ambazo hutaja mahali mtu alikotoka Ujerumani. Jihadhari na tarehe, kwa kuwa Urusi ilitumia kalenda ya zamani hadi 1918, na katika karne ya 19 tofauti ni siku 12. Mtu aliyezaliwa tarehe 3 kwenye kitabu cha kanisa la Volga anaweza kuandikwa tarehe 15 kwenye jiwe la kaburi Kansas, na zote mbili ni sahihi.

Anza na faili lake la ardhi, angalia mashahidi wawili ni akina nani, kisha leta majina yao hapa pamoja na mji aliozikwa. Tutakitafuta hicho kijiji pamoja.